Bwana Jeilani Amejitoa Mbioni

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya; Shekhe Abdulghafur, pamoja na mashekhe na masharifu mliofuatana naye; Bwana Mkaguzi wa Polisi; wazee wa Amu mliovuka maji tangu alfajiri mje mtupe heshima; ndugu zetu wa Hindi, wa Witu na wa Ndau; wageni waalikwa; mama zangu na dada zangu; na nyinyi vijana mliopanda juu ya lori la Mahmud, ambao miluzi yenu naisikia mpaka hapa: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake na kwa salamu ya dini yake.

Mnaziona karatasi hizi tatu mkononi mwangu. Hii ndiyo hotuba niliyoiandika juma zima, nikaifuta, nikaiandika tena, na jana karani wa ofisi akanipigia chapa. Ni hotuba ya kumsifu bingwa siku ya mbio zake za mwisho. Hata mahali pa kupigiwa makofi nilikuwa nimepatia alama kwa kalamu nyekundu. Ndugu zangu, siwezi kuisoma. Nimejaribu pale nyuma ya turubali nikashindwa, kwa sababu kila mstari niutazamapo sasa naona nilikuwa nikisema jambo nisilolijua. Mkiniona natafuta maneno, mnivumilie.

Mmekwisha kusikia kwenye kipaza sauti kwamba Bwana Jeilani Abdulqadir amejitoa. Hamkuelezwa sababu, nanyi mkajitafutia yenu. "Kaogopa!" "Kamwogopa Koplo Fanuel!" Mmoja kule nyuma amesema mzee kahongwa. Nimesikia yote. Siwalaumu, kwani lau ningekuwa juu ya lori lile pengine na mimi ningepiga mluzi. Lakini sababu ninayo, na mwenyewe ndiye aliyenituma. Aliniambia, "Mwalimu Crispus, mimi ulimi wa kusema na watu sina. Wewe waambie. Waambie yote, wala usinipambe." Basi sitampamba, na Mungu anisaidie nisijipambe mimi.

Kwa wageni msiomjua: yule pale, mwenye kofia ya vito iliyodarizwa, aliyeketi karibu na Shekhe akitazama chini, ndiye Bwana Jeilani. Ni tarishi wa serikali kwa mwaka wa ishirini na tatu sasa. Ndiye anayechukua barua za ofisi kutoka hapa Mokowe kwenda Hindi na Witu kwa ile pikipiki nyeusi inayolazwa ghalani, kwa kuwa Amu kwenyewe vichochoro havina haja nayo. Kila yalipofanywa mashindano haya ya pikipiki ya kwenda Hindi na kurudi, alishinda yeye, mara tano mfululizo, mpaka yale ya mwaka sitini na mbili. Kisha yakaja mambo ya mashifta, barabara siku nyingi ikawa haipitiki ila nyuma ya lori la askari, na mbio zikasimama. Leo, baada ya miaka sita, tunaanza tena. Na mwezi wa Desemba Bwana Jeilani anastaafu. Kwa hiyo mnafahamu leo ilikuwa siku ya namna gani kwake, na wazee wa Amu wanafahamu zaidi, kwani ndio waliomshika mikono miwili wakamwambia asikubali kombe liende kwa mtu wa bara kama Koplo Fanuel.

Sasa niwaambie yaliyotokea asubuhi.

Saa mbili nilimfuata ghalani nikamkuta anasafisha plagi. Nilikuwa nimechukua kitambaa chake cha namba, namba moja kama desturi, na kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa kamati nikasema nitamfunga mwenyewe. Nikiwa nyuma yake nafunga kamba, nikamtolea mzaha. Nikamwambia, "Bwana Jeilani, unatuharibia jina. Jumatano ulipokuwa ukijizoeza, mama mmoja wa Hindi alinijia analia. Anasema umempitia ubavuni, kapu likamtoka mkononi, mayai yote yakavunjika, wala hukugeuka nyuma. Nimemwambia aende zake. Bwana Jeilani hajapata kumgusa hata kuku." Nikacheka, nikangoja acheke.

Hakucheka. Akaniuliza, "Upande upi?"

Nikasema, "Sijui, nadhani kushoto kwako, alikuwa akipita kando ya kisima."

Akauliza, "Yeye peke yake?"

Nikamwambia hapana, alikuwa na mtoto mgongoni. Wa miezi minane.

Bwana Jeilani akakaa chini. Alikaa pale pale kwenye mchanga na mafuta, na nguo zake za mbio zilizopigwa pasi na mkewe, Bi Umulkheir, naye Bwana Jeilani sijapata kumwona ameketi pasipo mkeka. Akasema, "Nilihisi kitu kikinigusa. Nikadhani ni tawi." Halafu akasema, "Mwalimu, nifungulia kitambaa hiki. Ito langu la kushoto haliwoni. Mwaka wa sita huu haliwoni kitu."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikajitokeza mbele yake nikalitazama jicho lenyewe. Ni jicho zima, enyi wazee! Linapepesa, linageuka, linatoa machozi kwa moshi kama la mtu yeyote. Nikasema, "Bwana, usinifanyie mzaha." Akafumba la kulia kwa kiganja chake, akaniambia, "Nionesha vidole." Nikainua mkono kushoto kwake, nikatoa vidole vinne. Nikangoja. Akaniambia, "Ushainua?"

Mheshimiwa, mkono wangu ulikuwa karibu na uso wake kama ulivyo sasa karibu na kipaza sauti hiki.

Nilimuuliza lini, naye akanijibu. Mbio za mwaka sitini na mbili, pale baada ya daraja, tawi la mgunga lilimpiga usoni. Mimi sikuwako, nilihamishiwa huku mwaka sitini na tano, lakini nyinyi mliokuwako mwakumbuka. Alifika mstarini akishika leso juu ya nyusi na damu imefika shingoni, na alikuwa mbele ya wenzake kwa robo maili. Mlimbeba mabegani mkamzungusha uwanja huu mara tatu. Kina mama mkapiga vigelegele. Mlikuwa mmembeba mtu anayepofuka, na yeye akawapungia mkono! Akaenda Mombasa kwa daktari, akaambiwa limekwisha, akarudi akafunga mdomo. Akaogopa kazi, akaogopa na jina. Aliyejua ni Bi Umulkheir peke yake, na anasema mkewe hajaacha hata siku moja kumsihi aseme.

Sasa mtaniuliza: kwa miaka sita aliendeshaje? Hilo ndilo lililonitoa jasho pale ghalani kuliko yote. Hebu sikilizeni ukurasa wangu wa kwanza, mstari wa nne. Niliandika hivi: "Ukarimu wa Bwana Jeilani hauna mfano, kwani hajapata kuondoka Mokowe na kiti cha nyuma kitupu, akikosa abiria, hungoja." Nilipatia alama nyekundu hapo. Makofi!

Mimi nimepanda kiti kile miaka mitatu, kupeleka karatasi za mitihani Witu. Siku ya kwanza, kabla ya kutia gia, aligeuka akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe u mgeni. Kushoto kwa ndia hii kuna makaburi ya wazee wetu, mengine hayana hata jiwe, nasi Waislamu hatupiti kaburi ila kwa salamu. Mimi natizama mbee. Wewe nitizamia kushoto. Ukiona kitu chochote, jiwe, mti, mbuzi, mtu, niambia, nisije nikawapita wazee bila ya kuwasalimu." Nilifurahi sana. Nilijiona nimepewa heshima kubwa, mimi Mkristo kutoka Kisii, kuaminiwa katika jambo la dini ya wenyeji. Nikawa hodari. "Jiwe! Mzee na punda! Mbuzi watatu!" Naye kila nikitaja hupunguza mwendo, husogea kulia, na husema kwa sauti, "Assalaam alaykum." Alishawaamkia hata ng'ombe. Nilidhani ni ucha Mungu uliozidi.

Na tulipokuwa tukirudi, makaburi yalikuwa kushoto vilevile! Kwenda kushoto, kurudi kushoto! Mimi ni mwalimu wa hesabu, mabibi na mabwana. Ninafundisha watoto wenu kupima pembe. Miaka mitatu sikujiuliza ni barabara gani hiyo ambayo makaburi yake huhama pamoja na msafiri.

Naomba mnisaidie, kwa sababu tangu asubuhi najiuliza kama mjinga nilikuwa peke yangu. Yeyote aliyepanda nyuma ya Bwana Jeilani tangu mwaka sitini na mbili, ainue mkono wake. Lo, wote hawa? Teremsheni. Sasa, aliyeambiwa atazame upande wa kushoto, kwa sababu yoyote ile, ainue tena.

Subhanallah. Naazima neno lenu, Shekhe, maana la kwetu halitoshi.

Dada Jerioth wa zahanati, wewe uliambiwaje? Anasema joka. Kuna joka linalovuka barabara kutoka kushoto, naye akawa anapiga kelele kila kijiti. Mahmud, wewe je? Kwale! Mahmud alikuwa akitafutiwa kwale wa kuwinda. Shekhe Fadhil hakuambiwa makaburi, kwa kuwa anayajua yalipo. Anasema aliombwa amhesabie minazi ya waqfu. Na Mheshimiwa... Mheshimiwa, hata wewe? Siku lendirova ilipoharibika? Nyati. Ndugu zangu, Bwana Mkuu wa Wilaya alitazama nyati kutoka Witu mpaka hapa.

Chekeni, na mimi nilitaka kucheka. Lakini itazameni mikono yenu kabla hamjaiteremsha. Mtu mmoja alipoteza jicho, na wilaya nzima ikamwazima lake bila kujijua, kila mtu akidhani siri ile ndogo ni yake yeye na Bwana Jeilani. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Tungezungumza sisi kwa sisi siku moja tu, kwenye baraza ya msikiti au kwenye ngazi ya kanisa, tungemjua zamani. Hatukuzungumza, kwa sababu watu wa Amu husema na watu wa Amu, na sisi wa bara husema na wa bara.

Na mbioni, nani hukaa kiti cha nyuma? Hakuna. Jumatano alitoka peke yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, akamgonga mama wa watu, naye hakujua.

Kuna jambo jingine. Wanafunzi wangu themanini asubuhi hii walikuwa wamepangwa kando ya barabara, maili nzima, na bendera za karatasi. Niliwapanga mwenyewe. Niliwaambia wasogee karibu ili waonekane vizuri kwenye picha. Niliwapanga kushoto, kwa kuwa upande wa kulia wangepigwa na jua la uso. Nilipomwambia hivyo Bwana Jeilani, alishika kichwa. Wamekwisha kuhamishwa, wako nyuma ya ua wa shule, msiwe na wasiwasi. Lakini mimi wasiwasi ninao, nitakuwa nao mpaka nife.

Enyi mliosema ameogopa, nawauliza. Alikuwa na nini cha kuogopa? Ile barabara anaijua kwa moyo. Mama yule nilishamfukuza, mashahidi hakuna, na mimi mwenyekiti nilikuwa upande wake. Angenyamaza tu. Angekimbia leo, na pengine angeshinda, akapumzika Desemba na heshima zake zote, na picha yake ikatundikwa ofisini. Badala yake alisimama, akajipangusa mchanga, akauchukua ufunguo wa pikipiki akauweka juu ya meza ya Mheshimiwa. Ule pale, karibu na gilasi ya maji. Aliuweka akijua kwamba akiuweka kazi imekwisha, na kwamba atarudi Amu jioni hii akipita mbele ya baraza zote, na kila baraza itakuwa na lake la kusema.

Alimwambia Mheshimiwa maneno machache, nami nilikuwako: "Bwana, nimeidanganya serikali miaka sita. Sikuiibia kitu ila hicho." Mheshimiwa hajamjibu mpaka sasa. Sikulaumu, Bwana Mkuu wa Wilaya, jambo lenyewe ni zito na sheria ipo. Naomba tu, kwa unyenyekevu, kabla hujaandika barua, ukumbuke kwamba nawe uliwahi kuwa jicho lake, hata kama ni kwa ajili ya nyati. Zimebaki siku chache hadi Desemba. Kuna kazi ya kupanga barua pale ofisini, na kazi ile haina kushoto.

Wazee wa Amu, na nyinyi nina ombi. Mlimsukuma mbioni. Msimwache arudi peke yake kwenye mashua.

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa sana kuishia, nikapunga bendera, Koplo Fanuel na wenzake wakaondoka. Lakini niliahidi kutojipamba.

Mama yule aliyegongwa anaitwa Bi Kwamboka. Mumewe ni askari wa kituo cha Hindi, na wao ni watu wa kwetu Kisii. Jumatano alitembea kutoka Hindi mpaka shuleni kwangu na mtoto mgongoni na mkono umevimba. Alikuja kwangu si kwa kuwa mimi ni mwenyekiti, bali kwa kuwa mimi ni mtu wa kwao. Alidhani nitamsikiliza. Akanionyesha mkono. Akanionyesha na kitambaa cha mtoto, kimechanika pale mtoto alipokwaruzwa na chuma. Nami mnajua nilimwambia nini? Nilimjibu kwa lugha yetu, taratibu, ili walimu wenzangu wasisikie. Nilimwambia, "Usituaibishe mbele ya wenyeji. Unajua unamsema nani? Huyu ni mtu mkubwa hapa. Wewe ndiwe hukutazama njia." Akasema, "Mwalimu, nilisimama kando kabisa." Nikamwambia aende nyumbani. Hata maji sikumpa.

Nimeishi nanyi miaka mitatu, wazee wa Amu, na kila siku nimejitahidi mniseme vizuri. Nilitaka mseme, "Mwalimu Crispus ni mgeni lakini ana adabu." Kwa ajili ya neno hilo moja nilimfukuza mwanamke wa nyumbani kwetu mwenye mtoto aliyekwaruzwa. Nikageuza jambo lake kuwa mzaha wa kumchekesha bingwa. Naona haya. Nimeona haya mbele ya wanafunzi wangu, ambao nawachapa kwa kusema uongo.

Bi Kwamboka, najua uko hapa, umekuja na lori la polisi, nimekuona ukishuka. Bwana Jeilani amekwisha kukufuata pale kando ya lori akakuomba radhi, na mliyosemezana hayanihusu. Mimi nakuomba radhi hapa, mbele ya Serikali na mbele ya hao wenyeji niliowaogopa. Nisamehe, mama. Ulisema kweli nami nilikuita mwongo.

Naona unasimama. Mpelekeeni kipaza sauti. Hataki? Basi sema tu, mama, ndugu zetu watanyamaza, nami nitayarudia kwa walio mbali.

Amesema, mabibi na mabwana, nami narudia neno kwa neno: "Mzee Jeilani nimemsamehe. Yeye hakuniona. Wewe Mwalimu uliniona."

Nimekusikia, mama.

Wageni waalikwa, nawashukuruni kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Naomba nishuke.